Nukta ya Desimali na Mfamasia wa Wodi ya Watoto

Mafunzo ya ubingwa ya mfamasia wa hospitali anayehudumia watoto, ambayo Wamarekani huyaita ukaazi kwa sababu hapo zamani madaktari waliojifunza kazi kwa namna hiyo waliishi ndani ya hospitali, huchukua miaka miwili baada ya shahada ya udaktari wa famasia: mwaka wa kwanza ni wa huduma za jumla, na wa pili hutumika kwa watoto peke yao. Mafunzo hayo si sharti la leseni, na mhitimu aliyeyapita kando anaweza kuajiriwa. Linalohitaji maelezo, basi, ni kwa nini kijana mwenye leseni mkononi akubali miaka miwili ya kesha na posho iliyo chini sana ya mshahara wa mfamasia wa kawaida.

Jibu linaanzia katika mwili wa mtoto. Ini na figo za mtoto mchanga, ambazo ndizo zenye kazi ya kuvunja dawa na kuitoa mwilini, huwa bado hazijakomaa, kiasi kwamba hata dozi iliyogawanywa kwa uzito inaweza kumzidi nguvu. Somo hilo lilipatikana kwa gharama kubwa katika miaka ya 1950, wakati watoto njiti walipopewa kloramfenikoli ili kuwakinga na maambukizi. Dawa ikajilimbikiza damuni, ngozi zao zikageuka rangi ya kijivu, na wengi wakafa, hadi madaktari wa Marekani walipobainisha kisababishi mwaka 1959. Daktari Harry Shirkey, katika muongo uliofuata, aliwaita watoto yatima wa tiba, kwa kuwa dawa nyingi ziliuzwa bila kujaribiwa kwao.

Jambo la pili ni hesabu. Mtoto njiti mwenye kilo 1.2, akiandikiwa jentamisini kwa miligramu 5 kwa kila kilo, anastahili miligramu 6 tu. Katika kichupa cha watoto, chenye miligramu 10 kwa kila mililita, kiasi hicho ni mililita 0.6, na katika kichupa cha watu wazima, chenye miligramu 40 kwa mililita, ni 0.15. Anayevuta mililita 0.6 kutoka kichupa kisicho chake amekwisha kuzidisha dozi mara nne, na dawa yenyewe ni ya kuharibu figo na masikio. Kosa la nukta ya desimali ni baya zaidi. Dozi ya mtu mzima ikizidishwa mara kumi, muuguzi atajikuta anafungua vichupa mkono mzima na kushtuka mwenyewe, ilhali kwa mtoto huyu miligramu 60 zinatoka zote katika kichupa kimoja cha miligramu 80 na hakuna kinachomgutusha mtu.

Utafiti uliofanywa katika hospitali mbili za Boston na kuchapishwa mwaka 2001 ulipitia maagizo ya dawa 10,778 ya watoto waliolazwa, ukakuta makosa 616. Makosa ambayo yangeweza kudhuru yalikuwa mara tatu ya yale ya watu wazima, na madaktari waliofanya tathmini walikadiria kwamba mfamasia aliyepo wodini angeweza kuzuia asilimia 94 ya hayo.

Neno lenye uzito hapo ni wodini. Katika mwaka wa pili mwanafunzi huhama kila baada ya wiki kadhaa, kutoka kwa watoto wachanga mahututi hadi saratani, chini ya mfamasia mlezi. Alfajiri husoma majibu ya damu ya kila mtoto, kisha hupiga raundi na madaktari, na hapo ndipo hutakiwa kusema, mbele ya mabingwa wenye mvi, kwamba dripu ya lishe iliyoagizwa ina kalsiamu na fosfeti kwa viwango vitakavyogandana na kuwa chembe za kuziba mishipa. Ujasiri wa namna hiyo haufundishwi darasani. Mtihani wa umahiri wa famasia ya watoto, ulioanza kufanyika Marekani mwaka 2015, hupima maarifa. Raundi humpima mtu.

Afrika Mashariki imechukua njia ya shahada ya uzamili ya famasia ya kliniki, kama inavyotolewa katika Chuo Kikuu cha Nairobi na Muhimbili, na njia hiyo itazaa matunda pale tu hospitali zitakapomtoa mhitimu dirishani na kumpa nafasi kando ya kitanda.

Kazi ya mwisho ya mfamasia huyo, mtoto anaporuhusiwa kwenda nyumbani, ni kumpa mzazi bomba la kupimia dawa ya maji lililochorwa mstari wa dozi, kwa kuwa vijiko vya jikoni havilingani. Mzazi ambaye hakupewa aliombe, na aulize pia: dozi hii imepigiwa hesabu kwa kilo ngapi?