Jua Lizuiwe Nje ya Dirisha

Anayejenga Dar es Salaam, Tanga au Mombasa siku hizi huweka dirisha la aina moja kila upande wa nyumba: fremu ya aluminiamu, vioo viwili vya kuteleza, mara nyingi vyenye rangi ya giza. Linapendeza, halishiki kutu wala halidai rangi. Lakini watu wakishahamia, feni haizimwi, kiyoyozi kinakula uniti kutwa, na lawama zote hubebeshwa joto la Pwani. Joto lipo, ila sehemu kubwa ya linalowatesa wameliingiza wenyewe kupitia kioo.

Tupige hesabu. Dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 linaloelekea magharibi, saa kumi alasiri mbingu ikiwa haina wingu, hupigwa na jua la wati 600 hivi kwa kila mita ya mraba. Kioo cha kawaida hupitisha takriban asilimia 80, yaani zaidi ya wati 800, kama pasi ya umeme iliyoachwa ikiwaka chumbani. Kiyoyozi cha BTU 9,000 huondoa joto la wati 2,600 hivi. Karibu theluthi ya kazi yake imemezwa na dirisha moja. Pazia halisaidii sana, maana jua limekwisha kuingia. Kioo cha giza nacho hunywa joto kisha hulitema, sehemu nje na sehemu ndani. Sogeza kiganja karibu nacho jioni utalisikia.

Wapo wanaosema dawa ni vioo viwili vyenye nafasi katikati, kama vya Ulaya. Kule vinafaa kweli, kwa kuwa wakati wa baridi kali ndani na nje hupishana nyuzi 20 na zaidi. Hapa, chumba kikiwa nyuzi 25 na nje 32, joto linalopenya kwenye dirisha lile kwa tofauti hiyo ni wati 70 au 80 tu. Adui yetu ni jua lenyewe, na jua huzuiwa kwa kivuli kabla halijagusa kioo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo adhuhuri jua huwa juu mwaka mzima. Upenu wa sentimita 80 unatosha kulifunika dirisha la kaskazini au kusini lililo chini yake. Mashariki na magharibi jua hupita chini ya upenu. Huko madirisha yawe machache na madogo, au yapewe mbao za mshazari kama zile za Mji Mkongwe, Zanzibar, zinazokata jua na kuacha upepo upite.

Upepo nao una haki yake. Dirisha la kuteleza hufunguka nusu tu, na wavu wa mbu hupunguza hata hiyo nusu. La bawaba hufunguka lote, Kaskazi na Kusi zikaingia. Hofu ya wezi ni ya haki, lakini grili inafungika kwenye dirisha la bawaba pia, mradi fundi aambiwe mapema mbawa zitafungukia upande gani. Na anayetegemea kiyoyozi hapotezi kitu: bawaba yenye mpira hubana kuliko reli ya kuteleza, inayovujisha ubaridi. Mwenye nyumba iliyokwisha kujengwa hana haja ya kubomoa. Aanze na dirisha la magharibi, atundike chiki, yaani pazia la matete, upande wa nje, aache nafasi ya shubiri moja kati yake na kioo ili hewa ya moto ipande itoke.