Wizi Chuoni: Kinga ni Bora Kuliko Tiba

Wengi wetu tunatamani kuingia chuo kikuu. Lakini tujue huko nako kuna wezi, na wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Kwanza, mwizi wa chuoni mara nyingi havunji mlango. Mwanafunzi huacha kipakatalishi mezani maktabani ili kushika nafasi, kisha huyoo, kantini! Akirudi, nafasi ipo, mashine haipo. Wengine huficha ufunguo juu ya mlango ili mwenzao aupate, kumbe hata mwizi anapajua hapo. Heri kila mmoja achongeshe wake.

Pili, bonyeza *#06# kwenye simu yako. Utaona tarakimu 15 za kuitambulisha. Ziandike daftarini, si ndani ya simu hiyo hiyo! Ikiibwa, uwape polisi. Kazi zako pia ziwe na nakala kwingine. Binamu yangu aliibiwa kipakatalishi chenye mradi wake wa mwaka wa nne. Alinunuliwa kingine, lakini mradi aliuanza upya.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tusinunue vya wizi. Pasipo mnunuzi, mwizi atamuuzia nani? Katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, wizi wa kawaida ni kifungo cha hadi miaka 3, bali kupokea mali ya wizi ukijua ni hadi miaka 14! Basi ukiletewa simu ya bei ya kutupa, bila risiti wala chaja, jiulize nani anaililia.

Wenzangu, tuanzie hapa hapa shuleni.