Kivu: Mti wa kahawa na masalio ya ngozi vinatosha marafiki kujitengenezea sataranji

Shina la mti wa kahawa lililokatwa shambani, vipande vya ngozi vilivyobaki kwa fundi wa viatu, msumeno mdogo na kisu chenye makali. Kwa vitu hivyo, marafiki wanne wanaweza kujitengenezea mchezo kamili wa sataranji, ule ambao watu wengi wa Congo wanauita kwa Kifaransa échecs, bila kununua hata kete moja.

Kwa wakaaji wa Kivu, hii si kazi ya kupitisha wakati tu. Tangu mapigano yalipofika Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka wa 2025, familia nyingi zimehama, zingine zaidi ya mara moja. Banki zilifungwa mjini Goma na makuta yakawa magumu kupatikana. Mzazi anayetafuta makuta ya unga hawezi kuwaza kete za plastiki kutoka ng'ambo. Lakini mtoto aliyekaa miezi bila masomo anahitaji kitu cha kushughulisha akili, na kijana asiye na kazi anahitaji kitu cha kushika mikononi. Sataranji ya kujitengenezea inawapa vyote viwili.

Mikono imezoea

Kutengeneza mchezo kwa mikono si jambo geni upande huu. Katika mitaa ya miji yote ya mashariki, watu wanacheza dame kwenye ubao uliochorwa kwa makaa au kwa rangi, na kete ni vifuniko vya chupa za bia na soda. Mmoja anaweka vyake vikitazama juu, mwenzake anavigeuza chini, na mchezo unaanza. Igisoro nayo, inayojulikana Kivu na Rwanda, na ambayo Uganda wanaiita omweso, inachezwa kwenye ubao wa mti wenye mashimo 32 na mbegu 64. Hakuna aliyengoja duka limletee mchezo huo.

Sataranji ina miraba 64, sawa na mbegu za igisoro. Tofauti ni kwamba kete zake 32 hazifanani. Kuna wafalme 2, malkia 2, ngome 4, farasi 4, tembo 4 na askari 16. Hapo ndipo wengi wanakata tamaa. Wanaona kete za kiwandani, farasi mwenye manyoya na mfalme mwenye msalaba kichwani, halafu wanasema kazi hiyo ni ya wenye mashini. Historia ya mchezo wenyewe inaonyesha vingine.

Kutoka meno ya mnyama wa bahari hadi sabuni ya gereza

Kete za sataranji zinazojulikana sana duniani zilichongwa kwa mikono katika karne ya 12, nyingi kwa meno ya mnyama wa bahari ya kaskazini anayeitwa walrus. Zilipatikana mwaka wa 1831 katika kisiwa cha Lewis, huko Scotland, na leo zinahifadhiwa katika nyumba za makumbusho za London na Edinburgh. Wafalme wake wamekaa na upanga mapajani, malkia wameshika shavu kama watu wenye masumbuko. Hakuna mashini iliyozigusa.

Karibu zaidi nasi, katika gereza la Robben Island, Afrika Kusini, wafungwa wa siasa walicheza sataranji kwa kete walizochonga wenyewe kwa sabuni na kwa vipande vya miti vilivyotupwa na bahari. Nelson Mandela, aliyefungwa kisiwani humo kuanzia mwaka wa 1964 hadi 1982, ni mmoja wa waliocheza. Watu walionyimwa karibu kila kitu hawakungoja kuletewa mchezo. Walitafuta kilichokuwa karibu na mkono.

Hata kete za kisasa, zile zinazotumiwa kwenye mashindano, zilibuniwa kwa sababu ya urahisi. Zinaitwa Staunton na zilitoka Uingereza mwaka wa 1849. Kabla yake kila nchi ilikuwa na mitindo yake, na mchezaji mgeni aliweza kuchanganya malkia na tembo. Zile mpya zilikuwa na umbo la kueleweka mara moja, na karibu zote zingeweza kuzungushwa kwenye mashini ya seremala. Ni kichwa cha farasi peke yake kilichodai mchongaji wa kweli. Mpaka leo ni hivyo.

Tembo amerudi nyumbani

Jina sataranji limetoka kwa Kiarabu, ambacho kilichukua kutoka Uajemi, na Uajemi ulichukua kutoka India. Huko India jina la kwanza lilikuwa na maana ya sehemu nne za jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, magari ya vita na tembo.

Kete ambayo Waingereza wanaiita askofu, na ambayo wanafunzi wa Congo wanaijua kwa Kifaransa kama fou, yaani mwenda wazimu, mwanzoni ilikuwa tembo. Waarabu walimwita al-fil, na Wafaransa waligeuza neno hilo polepole mpaka likawa fou. Malkia naye hakuwa mwanamke. Alikuwa mshauri wa mfalme.

Kwa mchongaji wa Kivu, hii ni ruhusa. Hana deni la kuchonga kofia ya askofu wa Ulaya wala msalaba wa mfalme wa huko. Anaweza kuchonga tembo wa Virunga, nyumba ya duara mahali pa ngome, na kofia ya mwami kwa mfalme. Asiyejua kuchonga sura pia ana njia. Katika nchi za Kiislamu mafundi wengi walitengeneza kete zisizo na sura ya mtu wala mnyama: tembo alikuwa kijiti kinene chenye vinundu viwili juu, mahali pa pembe. Na mchezo ulichezwa vizuri kwa mamia ya miaka.

Mti gani unafaa?

Kando ya ziwa Kivu, kuanzia Minova hadi Kalehe, Kabare na kisiwani Idjwi, wakulima wa kahawa hukata mashina yaliyozeeka ili machipukizi mapya yazae vizuri. Mashina hayo huishia jikoni. Lakini mti wa kahawa ni mgumu, mweupe-manjano na wenye nyuzi laini. Haukwaruzi mkono, na unashika vizuri alama ya kisu. Unene wake wa santimetre 3 hadi 5 ni ule unaotakiwa kwa kete.

Kwa upande mweusi, libuyu inatosha. Maseremala wa mashariki wanaitumia kwa milango na vitanda, na vipande vidogo vinavyobaki hutupwa au huchomwa. Wekundu wake karibu na weupe wa kahawa unatofautisha majeshi mawili bila rangi yoyote. Asiyepata libuyu anaweza kuunguza kete nusu kwa chuma cha moto, au kuzipaka cirage nyeusi ya viatu na kuzisugua mpaka zisiache alama mkononi.

Kosa kubwa ni haraka. Mti mbichi unapasuka, na huanza kupasuka kwenye ncha kwa sababu ndiko unakokauka upesi. Mafundi wanajua dawa yake: kutoa ganda, kupaka nta ya mshumaa kwenye ncha zote mbili, na kuacha vijiti kivulini kwa majuma kadhaa, virefu kuliko vinavyotakiwa, ili mwisho uliopasuka ukatwe.

Vipimo vya kukumbuka

Shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, linapendekeza mfalme awe na urefu wa karibu santimetre 9.5, malkia 8.5, tembo 7, farasi 6, ngome 5.5 na askari 5. Mraba mmoja wa ubao uwe na upana wa santimetre 5 hadi 6.

Anayetaka mchezo mdogo wa kubeba anaweza kupunguza vyote kwa kiasi kimoja, lakini kanuni mbili hazivunjwi. Ya kwanza: upana wa chini wa kete uwe karibu nusu ya urefu wake, la sivyo itaanguka kila mtu akikohoa. Ya pili: upana wa mraba usipungue mara mbili ya upana wa askari. Njia rahisi ya kupima ni kusimamisha askari wanne ndani ya mraba mmoja. Wakienea, ubao ni mzuri.

Wengine hupenda kete nzito. Wanatoboa shimo chini na kuingiza msumari mnene au boulon ndogo. Risasi ya betri ya gari isitumiwe kamwe. Ni sumu, na kuiyeyusha karibu na watoto ni kuwaumiza kwa ajili ya mchezo. Mwishoni, nta ya nyuki na kitambaa kikavu vinatosha kung'arisha mti. Mafuta ya mawese hayafai, kwa sababu hayakauki na yanaanza kunuka.

Ngozi: ubao unaokunjwa

Ubao wa mti ni mzito na unavunjika. Ngozi inakunjwa, inaingia mfukoni au ndani ya mzigo, na haiogopi barabara mbaya. Kwa familia ambayo haijui italala wapi mwezi ujao, tofauti hiyo ni kubwa.

Njia ya kwanza inafanana na kufuma kikapu. Zinakatwa kamba bapa 16 za ngozi, kila moja upana wa santimetre 5 na urefu wa 44: 8 nyeusi na 8 za rangi nyepesi. Nyeusi zinalazwa wima, nyepesi zinapitishwa katikati yao, moja juu, moja chini. Ikifika ya mwisho, miraba 64 imejitokeza yenyewe, nyeusi na nyeupe kwa zamu, na kinachobaki ni kushona pembeni. Masalio mafupi ya fundi wa viatu yanafaa pia, kwa kuwa maungo yanaweza kufichwa pale kamba inapopita chini ya nyingine. Anayejua kufuma kikapu atafundisha wengine kazi hii kwa dakika chache.

Njia ya pili ni duara moja la ngozi ya mbuzi lenye upana wa santimetre 50. Katikati yake inachorwa miraba ya santimetre 4 kwa chuma cha moto au kwa cirage. Pembeni yanatobolewa matundu na kupitishwa kamba. Ikivutwa, ubao unageuka mfuko na kete zote zinabaki ndani. Hapo mfalme asizidi santimetre 7. Vipande vidogo vya mwisho vinagundishwa chini ya kete ili ziteleze bila kelele.

Wanne ni bora kuliko mmoja

Mtu mmoja anayetengeneza kete 32 huchoka akifika kwa farasi wa pili. Marafiki wanne wakitengeneza michezo minne kwa pamoja wanakuwa na kete 128, lakini kazi inakwenda mbio zaidi. Siku moja wote wanakata askari 64, kwa kipimo kimoja kilichowekwa alama kwenye msumeno. Siku nyingine ngome. Mwenye kisu kizuri anapewa farasi, mwenye sindano anapewa ngozi, asiyejua lolote anapewa karatasi ya msasa, na kabla ya mwisho naye amejifunza.

Kwa farasi kuna hila. Kichwa kinachorwa mara moja kwenye karatasi, kinanakiliwa kwenye ubao bapa wa santimetre 2, kinakatwa kwa msumeno, halafu kinagundishwa juu ya kitako cha duara. Farasi wote 16 wanatoka na sura moja, na kisu kinaongeza jicho na mdomo tu.

Faida ya kundi haiishi hapo. Sataranji inadai wawili. Mwenye mchezo bila mwenza ana mapambo ya meza, lakini walioutengeneza pamoja tayari wana wapinzani.

Mchezo usiouliza mtu ametoka wapi

Huko Katwe, mtaa wa maskini mjini Kampala, Robert Katende alianza mwaka wa 2004 kufundisha sataranji watoto waliovutwa kwanza na uji. Mmoja wao, Phiona Mutesi, aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji ya mwaka wa 2010 nchini Urusi, na maisha yake yakatengenezewa filamu mwaka wa 2016. Katika kambi ya Kakuma, Kenya, ambako wakimbizi wa Congo wanaishi pia, FIDE na shirika la HCR walianzisha mwaka wa 2021 mpango wa kufundisha mchezo huo.

Si kila mtoto wa Kivu atapanda ndege kwa sababu ya sataranji. Lakini hakuna atakayejua kama anaweza bila kushika kete kwanza. Na kete zilizochongwa nyumbani zina ubora ambao zile za dukani hazina: zikipotea njiani, aliyezitengeneza anajua kutengeneza zingine. Askari mmoja akianguka majini, msumeno na kijiti cha kahawa vinamrudisha kabla ya jua kuzama.

Kwa wanaotaka kuanza juma hili, hatua ya kwanza haiombi makuta. Ni kumuuliza seremala wa mtaa vile vipande anavyotaka kuchoma, na kuvianika kivulini.