Je, Wajua? Kioo na Kamera Havikuonyeshi Sura Moja

Vaa fulana iliyoandikwa IFAKARA, simama mbele ya kioo: maandishi yanasomeka kinyumenyume. Ukipigwa picha studio, yanasomeka sawasawa. Ndivyo ilivyo kwa uso. Doa la shavu la kushoto hubaki upande wako wa kushoto kwenye kioo, ila kwenye picha huliona upande wa kulia. Maji yaliyotulia ya mto Kilombero nayo hugeuza kama kioo.

Kwa kuwa uso haulingani kikamilifu pande zote mbili, mgeuko huo huonekana. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1977, wanafunzi wa kike walionyeshwa picha zao za kawaida na zilizogeuzwa. Wengi walipenda zilizogeuzwa. Rafiki zao wengi walipenda za kawaida. Inaelekea kila upande ulivutiwa na sura uliyoizoea.

Umbali wa kamera nao huchangia. Watafiti walikadiria mwaka 2018 kwamba selfi ya sentimita 30 huonyesha pua pana zaidi kwa takriban asilimia 30 kuliko picha ya mita 1.5. Ukienda kupiga paspoti saizi, mwombe mpigapicha asogee nyuma kidogo.