Misemo ya Kiingereza Iliyozaliwa Baharini

Mtu aliyekwisha kujifunza Kiingereza kiasi cha kusoma gazeti pasi na kamusi, na kumwandikia mwajiri wake barua bila ya haya, aghalabu hufika mahali ambapo kila neno analijua na bado maana ya sentensi nzima inampita kando. Huambiwa kwamba mkuu wa idara alikuwa "taken aback" alipopata habari ya kuvunjwa mkataba, naye hudhani labda mzee yule alisukumwa nyuma na mtu. Huambiwa kwamba fulani alirudi harusini akiwa "three sheets to the wind", naye huona moyoni mwake shuka tatu zinapepea kambani. Maneno ni yale yale aliyofundishwa darasani, lakini yamefungamana kwa desturi yao wenyewe, na desturi hiyo kamusi ndogo za shule hazikuiandika.

Misemo ya namna hii ni mingi mno, wala hakuna awezaye kuimaliza. Walakini liko fungu moja ambalo Mswahili, hususan wa pwani, ana haki ya kuliingia bila ya kupiga hodi, nalo ni lile lililotoka katika vyombo vya tanga. Waingereza ni watu wa kisiwa, na kwa karne nyingi biashara zao na vita vyao vilikwenda kwa upepo. Mabaharia wao waliporudi makwao walirudi na lugha ya kazi yao hata katika vijiji vya bara, ikasemwa na watu wasiopata kuona mlingoti. Karani wa London wa leo, ambaye safari yake ya maji ni kuuvuka mto Thames juu ya daraja, husema kibaharia tangu asubuhi hata jioni bila ya kujua.

Tuanze na hizo shuka tatu, maadamu ndizo zinazowapoteza wengi. Neno "sheet" kwa mtu wa nchi kavu ni shuka au karatasi, na hata Waingereza wenyewe wako wanaodhani kwamba kwa baharia ni tanga. La, kwa baharia ni kamba, nayo ni ile ile ambayo manahodha wetu huiita demani, ishikayo pembe ya chini ya tanga lisipeperuke ovyo. Demani ikifunguka tanga hupigapiga hewani; zikifunguka tatu, chombo huyumba huku na huku kama mlevi anayeutafuta mlango wa nyumba yake, na huyo mlevi ndiye anayesemwa.

"Taken aback" yatokana na merikebu za matanga ya mraba: upepo ukigeuka ghafla, au mshika usukani akighafilika, tanga hupigwa kwa mbele likagandamana na mlingoti, na merikebu iliyokuwa ikienda kwa kasi husimama, pengine ikarudi kinyumenyume. Ndivyo alivyo mtu aliyepigwa na bumbuazi kwa habari asiyoitazamia. "By and large" nayo ni ya upepo: "by" ni kwenda joshi, na "large" ni kwenda upepo ukitokea upande wa tezi; leo maneno hayo yamekuwa na maana ya "kwa jumla", yaani jambo lilivyo katika hali hii na ile. Anayejua kwamba dau la mnyonge haliendi joshi hatamhitaji mwalimu hapa.

Msemo wa "to the bitter end" unawadanganya hata wajuzi, kwa kuwa "bitter" ni chungu. Nahodha John Smith, katika kitabu chake A Sea Grammar cha mwaka 1627, aliandika kwamba "bitter's end" ni ile sehemu ya amari ya nanga inayobaki ndani ya chombo, penye vigogo vya kuifungia. Amari ikitolewa mpaka hapo, hakuna tena cha kutoa. Na wengi wa wanazuoni huona kwamba mtu anayeshikilia jambo mpaka tamati alipata sifa yake hapo, uchungu ukaja kudandia baadaye.

Kisha kuna "turn a blind eye". Mwaka 1801, katika vita vya Copenhagen, amiri wa Kiingereza Hyde Parker alipandisha bendera za kumwamuru Nelson, amiri aliyekuwa chini yake, aache mapigano. Nelson alikuwa amepofuka jicho la kulia huko Corsica mwaka 1794, na husimuliwa kwamba aliiweka darubini kwenye jicho hilo hilo, akasema haoni ishara yoyote, akaendelea kupigana hata akashinda. Leo husemwa hivyo ofisa wa forodha anayeyaona magendo yakipita naye akageuza uso.

Si kila mahali bahari yao na yetu zinakubaliana. Sisi tukisema hali ni shwari, tumeshukuru; Mwingereza akisema biashara iko "in the doldrums", analia. Neno hilo kwanza lilikuwa la unyonge wa moyo, ndipo katika karne ya 19 likapewa ukanda wa bahari ulio karibu na Ikweta, ambako merikebu ziliweza kukaa siku nyingi bila ya upepo, maji ya kunywa yakipungua mapipani. Mfasiri atakayeandika hapo "shwari" atakuwa amegeuza tanzia kuwa kheri.

Katika kutumia, hadhari mbili zatosha. Umbo la msemo halibadilishwi: ni "a blind eye", si "blind eyes", hata wakiwa watu mia. Na kila msemo una mahali pake. "By and large" yafaa hata katika ripoti ya serikali, ilhali zile demani tatu ni za mzaha baina ya marafiki, wala hazimsemi mkubwa wa mtu mbele ya watu. Na mwanafunzi akiambiwa siku ya kwanza kazini, "I'll show you the ropes", asiulize kamba ziko wapi. Amfuate mwenyeji wake, kwani anakwenda kuonyeshwa kabati la mafaili, daftari la mahudhurio, na mahali chai inapopatikana.