Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo

Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo ni hifadhi ya Tanzania iliyoko mkoa wa Geita, kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria. Ilianzishwa mwaka 1977. Ina eneo la km² 457 hivi, zikiwemo visiwa vidogo na maji ambamo sato na sangara huzaliana.

Wanyama wa asili ni pamoja na nzohe, kiboko, mamba na fisi-maji. Tembo, twiga na mbega waliletwa.

Kati ya miaka 1966 na 1969 sokwe 17 kutoka Ulaya waliachiliwa kisiwani. Wengi walikuwa wamefungiwa katika bustani za wanyama, lakini walijifunza upya kutafuta chakula na kujenga viota mitini. Wazao wao wanaishi porini hadi leo. Kwa kuwa mafua ya binadamu yanaweza kuwaua, wageni hutakiwa kukaa mbali nao.

Kisiwani hakuna simba, hivyo watalii hutembea msituni kwa miguu wakiongozwa na askari wa hifadhi, na wanaweza kulala kambini. Msafiri anayetoka Ibadakuli, mjini Shinyanga, hufika Geita kwa barabara, kisha huvuka ziwa kwa boti.