Safari ya kwanza ya Pwani kwa gari: gawa pesa kwanza, bahari itakungoja

Mama yangu, Yeyo kama tunavyomwita kwetu, amezaliwa na kuzeekea hapa Ewuaso Kedong. Bahari alikuwa anaijua kwa picha ya kalenda iliyotundikwa dukani. Mwaka wa 2020 nilimwahidi: "Yeyo, mwakani nakupeleka uione kwa macho yako."

Mwakani tulikuwa na mambo mengine. Mvua ilikosa msimu mmoja, ikakosa wa pili, ikaendelea hivyo hadi mapema 2023. Anayeishi Kajiado hahitaji kusimuliwa. Kwetu, ng'ombe 14 walibaki 5. Ahadi ya bahari ikaenda na mizoga, na Yeyo hakuiulizia tena hata siku moja. Hilo ndilo lililoniuma.

Tumeenda sasa, Agosti hii. Watu watano kwenye Probox ya shemeji: mimi, mama watoto, Yeyo na watoto wawili. Siku sita, bila kukimbizana na bila kukopa. Wengi mmeniuliza tulifanyaje, basi nimeandika. Siri ni moja tu: kabla hatujawasha gari, kila shilingi ilikuwa na kazi yake na mahali pake pa kukaa.

Chagua tarehe kabla ya hoteli

Desemba Pwani hujaa na bei hupanda. Mvua za masika, hasa Aprili hadi Juni, hupunguza bei lakini zinaweza kukufungia ndani. Sisi tulichagua Agosti kwa sababu shule zimefungwa na jua si kali. Upepo wa kusi huvuma na bahari inaweza kuchafuka kidogo, lakini kwa watu wasiojua kuogelea hiyo si hasara. Pia ndiyo miezi nyangumi hupita karibu na Watamu, kuanzia Julai hadi Septemba. Hatukuwaona, ila watoto walikodoa macho baharini mpaka wakachoka.

Hesabu yetu ya shilingi 60,000

Kwa wiki 40 nilikuwa nikiweka shilingi 1,000 kwenye akiba ya simu iliyofungwa, ile ambayo huwezi kuigusa kabla ya tarehe uliyochagua. Hiyo ni 40,000. Nikauza mbuzi wawili wakubwa, 10,000 kila mmoja. Jumla 60,000. Tukazigawa hivi:

- Mafuta: 20,000. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 1,300. Probox ikila lita moja kwa kilomita 13, unahitaji lita 100. Nilihesabu shilingi 185 kwa lita, nikaongeza kidogo ya kuzungukazunguka. Kumbuka EPRA hutangaza bei mpya kila tarehe 14 ya mwezi, kwa hivyo angalia kabla ya kuondoka.
- Kulala: 19,500. Usiku mbili Voi kwa 3,000, usiku tatu Pwani kwa 4,500.
- Chakula: 12,000, yaani 2,000 kwa siku.
- Viingilio: 3,000.
- Dharura: 5,500. Hii haiguswi kwa sababu ya hamu ya aiskrimu.

Utaona hakuna mkopo hapo. Ile huduma ya kukamilisha malipo salio likiisha ni nzuri mtoto akiugua usiku. Kwa starehe, hapana. Utarudi nyumbani umepumzika, kisha kila pesa inayoingia inakatwa hata kabla hujaiona.

Nyumba ya kwenye picha

Hapa ndipo karibu safari ife. Kwenye mtandao wa kijamii niliona nyumba Watamu: vyumba vitatu, veranda inatazama maji, shilingi 3,500 kwa usiku. Nikampigia mwenyewe. Sauti ya upole sana. Akasema kuna familia nyingine inaitaka, nitume arbuni ya nusu "sasa hivi" ili anishikie.

Nilikuwa nimeshaandika namba yake. Simu ikanionyesha jina la mpokeaji kabla sijathibitisha. Mama watoto alikuwa amekaa kando.

"Baba watoto, huyo si amejiita kwa jina la kiume?"

"Ndiyo."

"Na hilo jina hapo ni la nani?"

Lilikuwa jina la mwanamke, na halikufanana na lake hata kidogo. Nikasitisha, nikampigia tena. Ati ni namba ya mkewe. Nikamwomba anipigie kwa video asimame getini nione nyumba. Ati mtandao mbaya. Nikamwambia basi nitalipa nikifika. Akakata simu, na sijamsikia tena. Zile zilikuwa 3,500, thamani ya robo tatu ya usiku mmoja Pwani, au karibu wiki nne za kuweka akiba.

Tangu hapo tuna sheria nne za arbuni, na hazivunjwi hata kama nyumba ni nzuri namna gani:

1. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Likitofautiana na uliloambiwa, simama.
2. Omba video ya moja kwa moja, getini na ndani. Picha zinaweza kuibwa popote.
3. Uliza jirani. Piga simu duka au hoteli ya karibu uulize kama nyumba hiyo ipo.
4. Lipa kwa Till au Paybill yenye jina la biashara ikiwezekana, na uweke ujumbe wa malipo. Ukikosea namba, piga huduma kwa wateja mara moja. Usingoje kesho, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha.

Mtu anayekuharakisha hajali likizo yako. Nyumba halisi itakuwepo hata ukichukua nusu saa kuuliza.

Barabarani: usimalize yote kwa siku moja

Kutoka Ewuaso tulipita Kimuka hadi Ngong, tukashuka Kiserian, tukashika barabara ya Isinya, kisha Kitengela na Athi River hadi Mombasa Road. Kwa njia hiyo hatukuingia foleni za Nairobi.

Wengi huendesha kutoka alfajiri hadi Mombasa bila kupumzika. Inawezekana, lakini malori ni mengi na uchovu huua. Tulilala Voi. Makindu tulisimama kwenye hekalu la Masingasinga, ambalo limekuwa hapo tangu 1926. Msafiri yeyote hupewa chakula bure, wa dini yoyote. Ukiguswa, unaacha mchango. Yeyo alikula dengu na chapati, akauliza mara mbili kama kweli hatulipi.

Baada ya Mtito Andei barabara inapita kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Huhitaji kuingia mbugani ili uone ndovu wekundu kwa udongo wa huko. Ukienda polepole mchana, mara nyingi unawaona ukiwa barabarani. Ukitaka kuingia, jua kwamba langoni hawapokei pesa taslimu: hulipwa kwa eCitizen, na Paybill ya serikali ni 222222. Mtu akikuambia utume kwa namba yake binafsi akusaidie, mshukuru, kisha ukatae.

Siku ya pili hatukuingia Mombasa mjini. Mariakani tulikata kushoto, tukapita Kaloleni katikati ya minazi na kutokea Mavueni, hapo karibu na Kilifi. Ni lami, na inakuepusha na msongamano wa Mombasa na Mtwapa. Saa saba mchana tulikuwa tunavuka daraja la Kilifi, maji ya bluu chini yetu. Yeyo alishika mlango kwa mikono miwili.

"Ndiyo hii?"

"Bado, Yeyo. Huu ni mkono wake tu."

Simu ilipoingia maji

Jioni hiyo tulienda ufuo wa Bofa. Nilikuwa nampiga Yeyo picha, wimbi likaja, kijana wangu akaniparamia kwa woga. Simu ikaanguka kwenye maji ya chumvi. Ikazima.

Zamani ningepiga mayowe. Lakini tulikuwa tumegawa pesa mahali pengi. Kwenye simu yangu kulikuwa na pesa ya siku hiyo tu, kama 2,600. Pesa ya kulala na ya mafuta ya kurudi ilikuwa kwenye laini ya mama watoto. Dharura ilikuwa kwenye akiba iliyofungwa, na noti chache zilikuwa ndani ya kitambaa cha Yeyo, benki ambayo haijawahi kufilisika. Kesho yake nilienda dukani na kitambulisho changu halisi, nikapewa laini ileile kwenye kadi mpya. Nikaiweka kwenye simu ya vibonye niliyobeba kwa ajili ya chaji. Salio lilikuwepo vilevile, kwa sababu pesa haikai ndani ya simu. Inakaa kwenye akaunti yako.

Kama ningekuwa nimebeba zote 60,000 kwenye simu moja, bado zisingepotea. Lakini usiku ule tungelala kwenye gari.

Kilomita 60 kwa siku mbili

Kutoka Kilifi hadi Malindi ni kama kilomita 60. Unaweza kuzimaliza kwa saa moja. Sisi tulizigawa kwa siku mbili, na hapo ndipo utamu ulipokuwa. Barabara inapita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kisha unafika Gede.

Gede ni mji wa kale wa Waswahili, majengo ya mawe ya matumbawe katikati ya miti mikubwa. Ulianza karne ya 12 hivi na kuachwa karne ya 17. Mwaka wa 2024 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Yeyo hakuvutiwa sana na jumba la mfalme. Alisimama kwenye visima. Tulipoambiwa kwamba maji ya visima kupungua ni moja ya sababu zinazotajwa za watu kuhama, alitikisa kichwa. "Hao nawaelewa," akasema.

Watamu tulilala usiku mbili. Uliza wavuvi saa za maji kujaa na kupwa kila asubuhi. Yakipwa, bahari inaenda mbali na watoto wanacheza kwenye vidimbwi. Siku ya nne tukaenda Malindi kuona mnara wa Vasco da Gama, aliyefika huko 1498, tukala samaki wa kukaanga na kurudi kabla ya giza.

Kuhusu malipo huko: hoteli, vituo vya mafuta na maduka makubwa wana Till, na kwa kawaida mteja hakatwi ada akilipia hapo. Muuza madafu na dereva wa tuktuk wengine watakuomba utume kwa namba ya kawaida, ambako ada inaweza kuwepo. Kwa hivyo toa pesa kidogo ya mkononi, mara moja kwa siku mbili. Kutoa 300 mara tano ni ghali kuliko kutoa 1,500 mara moja. Na toa mchana, mjini. Wakala wa kijijini anaweza kukosa floti Jumapili.

Kabla hujawasha gari

- Bima, tairi la spea, jeki, pembetatu za onyo na kizima moto: kagua wiki moja mapema.
- Badilisha namba ya siri kama watoto wanaijua. Wanaijua.
- Andika kwenye karatasi namba ya huduma kwa wateja na za ndugu wawili. Simu ikizima, kichwa hakikumbuki.
- Beba kitambulisho halisi, si picha yake.
- Ukipokea ujumbe wa "nimekutumia kimakosa, nirudishie", angalia salio lako kwanza. Hata kama pesa imeingia, mwambie apige huduma kwa wateja zirudishwe kwa njia halali.
- Kila jioni, dakika tano: soma jumbe za malipo ya siku na mwenzako, mjue kilichobaki.

Tulirudi Ewuaso tukiwa na shilingi 4,150 za dharura ambazo hazikuguswa. Nimezirudisha kwenye akiba iliyofungwa.

Mmeniuliza pia Yeyo alisema nini alipofika ufuoni. Alivua viatu, akaingia hadi vifundoni, akachota maji kiganjani na kuonja. Akatema. Akatazama mbali kwa muda mrefu.

"Maji yote haya," akasema, "na ng'ombe hawezi kunywa."

Kisha akaniomba nimjazie chupa moja aende nayo nyumbani. Iko kabatini. Akija mgeni, anaonjeshwa.